Mahamri ya Alfajiri: Kazi ya Akina Mama wa Pumwani na Faida ya Daftari

Saa kumi za usiku, wakati sehemu kubwa ya mji wa Nairobi ingali imelala, mioto midogo huonekana ikiwaka katika nyua za nyumba za Majengo, Pumwani. Si mioto ya kuota baridi, ingawa mwezi wa Julai baridi ya Nairobi hutafuna mifupa. Ni majiko ya akina mama wakaangao mahamri. Karai limekwisha tiwa mafuta, unga umekwisha umuka, na kabla ya jua kutoka watu watakuwa wamesimama mlangoni na fedha mkononi.

Wanaokuja kununua ni watu wa kazi za kila namna. Wako wachukuzi na wavuta mikokoteni wa soko la Gikomba, ambao kazi yao huanza mapema na hutaka tumbo lililoshiba. Wako mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, wauguzi watokao zamu ya usiku katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, na makarani waendao mjini kwa miguu ili kuokoa nauli ya matatu. Wako na wasafiri waendao kituo cha mabasi ya Machakos, kila mmoja na mzigo wake. Wote hao hununua, hula, na kwenda zao.

Walakini ni wachache wajiulizao jambo moja: je, yule aliyewauzia amepata faida? Andazi limeuzwa na fedha imepokewa, lakini yawezekana kwamba mwenye kulipika amepoteza. Habari hizi zinaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, jinsi chakula cha safari kinavyotengenezwa kisiharibike njiani, na kwa sababu gani mama aweza kuuza kila siku, akasifiwa na watu wote, na bado mwisho wa mwezi asiwe na kitu.

ASILI YA KAZI HII

Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua kando yake. Wanaume walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi, na wengi wao walikuja peke yao. Mishahara haikutosha kuleta mke na watoto, na vyumba walivyopewa na waajiri havikufaa kwa jamaa. Mtu afanyaye kazi mchana kutwa hawezi kurudi akawasha moto, akasonga ugali na kuchemsha maharage. Kwa hiyo palihitajika watu wa kuwapikia, na mahali palipo na haja hapakosi mwenye kuuza.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika mashariki ya mji, na watu wa vijiji vya zamani wakaamriwa kuhamia huko. Kijiji cha Pangani kilidumu muda zaidi, mpaka kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakapelekwa katika nyumba mpya za Shauri Moyo. Watu hao walikuwa wa makabila mbalimbali, lakini wengi walishika dini ya Kiislamu na desturi za pwani, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Ndiyo sababu vyakula vya pwani, kama mahamri, mbaazi, vitumbua na mkate wa sinia, vilipata makao katika mji ulio mbali na bahari.

Nyumba za Majengo zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: miti na udongo, bati juu, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Bibi Janet Bujra, mtaalamu aliyechunguza habari za mtaa huo na kuandika juu yake mwaka 1975, alionyesha jinsi wanawake wa Nairobi ya zamani walivyojipatia mali na kujenga nyumba kwa jasho lao wenyewe. Njia zao za kupata fedha zilikuwa nyingi, na nyingine hazikusifiwa na wazee wala na Serikali. Lakini jambo moja liliwaunganisha: walijua kwamba senti ndogo ikiwekwa mahali pake hugeuka kuwa ukuta na bati. Haba na haba hujaza kibaba.

MAHAMRI YANAVYOPIKWA

Kazi ya alfajiri huanza jana yake jioni. Mama huchekecha unga wa ngano, akatia sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, kisha hukuna nazi na kukamua tui. Tui halitiwi likiwa la moto, kwa maana hamira ni kitu chenye uhai, nayo hufa ikiunguzwa. Huukanda unga kwa nguvu mpaka uwe laini na uache kushika mikono, halafu huufunika kwa kitambaa safi na kuuacha uumuke.

Hapo ndipo wapishi waliotoka pwani walipojifunza jambo jipya. Mombasa joto la usiku latosha kuumua unga upesi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na usiku wake ni wa baridi. Unga uliokandwa saa mbili usiku katika mwezi wa Julai waweza kukutwa alfajiri haujainuka vya kutosha. Kwa hiyo mama mwenye akili huiweka beseni karibu na jiko lenye makaa yanayozimika, au huifunga blanketi kama mtoto mchanga.

Saa tisa na nusu usiku huamka, akakata madonge, akayasukuma kwa unene ulio sawa, na kuyakata pembe nne. Mafuta hujaribiwa kwa kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, mafuta hayajapata moto, kikiungua mara moja, moto umezidi, kikipanda juu taratibu huku kikitoa mapovu, wakati umefika. Hamri lililopikwa vizuri hufura likawa na uwazi ndani. Lililotiwa katika mafuta yasiyo na moto wa kutosha hunywa mafuta, likawa zito, na mlaji huhisi kiungulia kabla hajafika kazini. Basi moto mbaya humdhuru mama mara mbili: mafuta yake huisha upesi, na mnunuzi wake harudi.

MOTO JUU NA MOTO CHINI

Mbali ya mahamri, iko mikate iokwayo. Watu wengi hudhani kuoka kwataka tanuri ya umeme. Akina mama wa Pumwani wameoka miaka mingi bila tanuri, kwa sufuria, kifuniko na makaa.

Mkate wa sinia hufanywa kwa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, na kuachwa uumuke. Humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, juu ya moto wa kiasi. Vijitundu vikionekana juu, sufuria hufunikwa, na makaa huwekwa juu ya kifuniko. Mkate wa mayai hutaka subira zaidi: mayai na sukari hupigwa mpaka yawe meupe na mazito, ndipo unga utiwe kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Moto wake huwa mwingi juu na mdogo chini. Mwenye kukosea kipimo hicho hupata mkate ulioungua chini na mbichi katikati.

Kwa sababu hiyo makaa ndiyo roho ya kazi hii, na makaa yana bei. Zamani majiko yalikuwa ya bati tupu, na joto jingi lilipotea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaenea nchini Kenya jiko jipya lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, wazo lake likiwa limechukuliwa kwa sehemu kutoka majiko ya ndoo ya Thailand. Mafundi wa Shauri Moyo, hatua chache tu kutoka Majengo, walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza na kulieneza. Jiko hilo, likitumiwa vizuri, huweza kuokoa hata theluthi ya makaa. Faida yake ilizidi kuonekana kadiri miti ilivyopungua, na zaidi mwezi wa Februari 2018, Serikali ilipokataza kukata miti katika misitu ya umma na bei ya gunia la makaa ikapanda. Hata hivyo wako wanaoendelea kutumia jiko la bati tupu kwa kuwa ni rahisi kununua. Wanaokoa shilingi siku moja na kuzipoteza siku zote zinazofuata.

MASURUFU YA SAFARI

Mtu asafiriye huagiza chakula chake kwa mama anayemwamini. Zamani, katika garimoshi la usiku la Mombasa, abiria wa daraja la tatu walikaa juu ya mabenchi ya mbao na kikapu kati ya miguu, na ndani ya kikapu mlikuwa chakula cha nyumbani. Garimoshi hilo la zamani liliacha kuchukua abiria wa Mombasa mwaka 2017, na tarehe 31 Mei mwaka huo huo likafunguliwa lile la reli mpya, litokalo Syokimau na kufika Mombasa kwa muda wa saa tano au sita. Lakini waendao kwa basi kwenda Busia, Kisumu, Garissa au Lamu bado hukaa njiani saa nyingi, na tumbo halijui kwamba mwendo umebadilika.

Si kila chakula kifaacho nyumbani chafaa safarini. Mbaazi za nazi ni tamu sana pamoja na mahamri, lakini zikifungwa katika chombo na kukaa katika joto la basi huchacha kabla ya jua kuwa utosini. Kadhalika wali, na nyama yenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake matano juu ya chakula salama yaliyotolewa mwaka 2001, hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa safari ndefu, basi, hapana budi kuchagua vitu vikavu: mahamri, chapati zisizo na mafuta mengi, mkate wa mayai, visheti, na njugu za kukaanga.

Namna ya kufunga nayo ni kazi. Watu wengi huharibu chakula chema kwa haraka. Huchukua mahamri yangali yakitoa moshi, wakayafunga barabara. Mvuke usio na pa kutokea hugeuka maji, maji hulainisha mkate, na ukungu hupata shamba lake. Mahamri hutandazwa kwanza juu ya ungo au karatasi safi mpaka yapoe kabisa, ndipo yafungwe kwa kitambaa na kutiwa kikapuni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini Kenya, na wauzaji wengi wamerudia karatasi. Jambo hilo ni jema, ila mtu asifunge chakula chenye mafuta katika gazeti. Gazeti limeandikwa ili lisomwe. Wino wake haukutengenezwa kuliwa.

UNGA UNAKOTOKA

Mkulima asomaye habari hizi asidhani kwamba mambo ya karai la Pumwani hayamhusu. Ngano hulimwa Narok, Uasin Gishu, Nakuru na upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, lakini mavuno hayatoshi watu wote, na sehemu kubwa ya ngano iliwayo Kenya hununuliwa ng'ambo. Kwa hiyo vita vya mbali humfikia mama aliyeketi uani kwake. Mwezi wa Februari 2022 Urusi ilipoingia Ukraine kwa vita, bei ya ngano ilipanda duniani, na muuzaji wa mahamri akalazimika kuchagua moja katika mambo matatu: kupandisha bei, kupunguza ukubwa wa hamri, au kupunguza faida yake.

Ziko na adui za shambani. Ugonjwa wa kutu ya shina, wa aina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kuitwa Ug99, uliwatia hofu wakulima wa ngano wa dunia nzima, na kituo cha utafiti cha Njoro kikawa mahali ambapo mbegu za nchi nyingi huletwa kujaribiwa kama zitastahimili. Hivyo mkulima, mtaalamu na mpika mahamri wamefungwa kwa kamba moja. Ikivutwa upande mmoja, wote husikia.

MAMA NA BINTI YAKE

Sasa na achukuliwe mama mmoja wa Majengo kuwa mfano, ili hesabu ya kazi hii ionekane wazi. Mama huyo hupika mahamri 100 kila siku ya kazi, kwa paketi 2 za unga, kila moja kilo 2, na huyauza kwa shilingi 10 kila moja. Ana binti aliyemaliza shule ya sekondari na ambaye angali akitafuta kazi. Mama hana daftari. Akiulizwa, hujibu kwamba daftari lake li kichwani.

Kwa hesabu ya kichwani, unga ni shilingi 340, sukari 100, mafuta 160, jumla 600. Mahamri 100 huleta shilingi 1,000. Basi mama huamini kwamba kila siku anapata faida ya shilingi 400. Lakini kila mwisho wa mwezi, kodi ya chumba inapodaiwa, hana kitu. Hushangaa, na huwashuku hata watu wa nyumbani.

Jioni moja binti alichukua daftari la zamani la shule, akaketi karibu na beseni.

"Mama, leo tumepika mahamri mangapi?"

"Mia, kama siku zote."

"Na yaliyouzwa ni mangapi?"

"Yameuzwa yote, mwanangu. Huoni karai ni tupu?"

"Na yale uliyowapa watoto wa jirani? Na yale matatu tuliyokunywea chai?"

Mama akacheka. "Hayo ni sadaka. Sadaka haihesabiwi."

"Mbele ya Mungu haihesabiwi, mama, lakini unga wake ulihesabiwa dukani."

Mama alinyamaza, kisha akamwambia aandike.

Wakaandika kila kitu. Unga 340, sukari 100, mafuta 160. Halafu yakafuata yale yaliyosahauliwa: nazi 2, shilingi 100, hamira na iliki, shilingi 40, makaa, shilingi 80. Jumla ikawa 820, si 600. Na mahamri yaliyoleta fedha hayakuwa 100, bali 90, kwa kuwa 10 yaliliwa, yalitolewa au yalibaki. Fedha iliyopatikana ni shilingi 900. Faida ya siku nzima, kuanzia saa tisa na nusu usiku mpaka saa tatu asubuhi, ikawa shilingi 80. Na hapo deni halijatajwa.

Kisha wakahesabu mkate wa mayai, ambao ndio uliompa mama sifa mtaani kote. Mayai 10, shilingi 150, sukari, 75, unga, 45, iliki na mafuta, 30, makaa ya juu na ya chini, 100. Jumla 400. Mama alikuwa akiuuza kwa shilingi 350. Kila mkate uliosifiwa ulimtoa shilingi 50 mfukoni. Inasemwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akatia mali yake.

Habari hiyo ilimwuma. Mkate ule alifundishwa na mama yake mzazi, naye hakupenda kusikia kwamba ni hasara. Siku mbili hakulitazama daftari. Siku ya tatu, alipokuja mama mmoja wa jirani kuagiza mkate wa harusi kwa bei ya siku zote, alimjibu kwa upole: "Dada, mkate nitaoka, lakini bei yake sasa ni shilingi 500, nusu unipe leo ninunue mayai." Jirani akanung'unika, akaondoka. Jioni akarudi na shilingi 250, kwa kuwa alikwisha uliza kwingine na hakupata mkate kama ule.

KILICHOBADILIKA

Bei ya mahamri hawakuipandisha. Mchukuzi wa Gikomba ana shilingi 20 za kifungua kinywa, mahamri mawili, na akiambiwa 15 kwa moja ataenda kwa mwingine. Walitafuta faida ndani ya kazi yenyewe.

Kwanza, walishirikiana na jirani kununua unga kwa bando la paketi 12, na kila paketi ikapungua shilingi 10. Pili, walinunua jiko lenye udongo, na makaa ya shilingi 80 yakawa 55. Tatu, walianza kuuliza maagizo jioni, na siku za mvua au za mwisho wa mwezi walipika kwa kadiri ya maagizo, yasibaki. Sadaka haikukomeshwa, iliwekwa kuwa mahamri 2 kila siku, ikaandikwa katika ukurasa wake. Gharama ikashuka kutoka 820 hadi 775, na mahamri 98 yakaleta shilingi 980. Faida ikawa 205 badala ya 80. Tofauti ya shilingi 125 ni ndogo kwa siku, lakini kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,250.

Jambo la nne lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni deni. Kijana mmoja mchukuzi alikuwa akija kila asubuhi na kusema, "Shikamoo mama, leo uniandikie," na mama hakuwa na pa kumwandika ila moyoni. Wengi wa wadeni wake ni watu wa soko, na soko la Gikomba limeungua mara nyingi. Katika moto wa tarehe 28 Juni 2018 walikufa watu wasiopungua 15, na wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu. Mtu aliyepoteza kibanda hawezi kulipa mahamri ya mwezi mzima, wala si haki kumdai siku hiyo. Kwa hiyo binti akaweka kanuni: deni lisipite juma moja, wala lisizidi shilingi 100. Mwenye shida ya kweli atasaidiwa kwa sadaka, si kwa deni ambalo wote wawili wajua kwamba halitalipwa.

Yule kijana alipoambiwa alikasirika, akakaa siku nne bila kuonekana. Siku ya tano alikuja, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akatoa shilingi 20 taslimu. Deni la zamani hajalimaliza, lakini ukurasa wake upo, na yeye mwenyewe huomba kuutazama.

AFYA NA SHERIA

Mwenye kuuza chakula hana budi kukumbuka vilevile kwamba anashika afya za watu. Sheria yataka wapika chakula wapimwe na daktari na kupata cheti, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6, na biashara iwe na kibali cha Kaunti ya Nairobi. Ada hizo zapasa kuandikwa katika daftari kama unga na makaa. Asiyeziweka katika hesabu hushtuka siku mkaguzi afikapo, akaona kama ameonewa, kumbe gharama ilijulikana tangu mwanzo.

Tena, mafuta yaliyogeuka meusi yasitumiwe kwa kuongezwa mapya juu yake. Karai lisiwekwe pembezoni ambapo watoto hupita. Mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji kamwe, bali yafunikwe kwa kifuniko. Kila mama awaye na ndoo ya mchanga uani kwake amejiwekea akiba kubwa kuliko ya fedha.

SIKU ZIJAZO

Sehemu za Pumwani zimekwisha jengwa upya kwa nyumba za ghorofa. Nyumba hizo huleta maji na umeme, na hakuna mwenye busara atakayependa udongo unaovuja kuliko ukuta wa mawe. Lakini ghorofa haina ua, na makaa hayawashwi katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake yaweza kuua watu usingizini. Mama ahamiaye ghorofani hulazimika kujifunza jiko la gesi, na hesabu yake hubadilika tangu mwanzo: makaa huondoka katika daftari, gesi huingia. Mkate wa sinia hautakuwa na moto juu, mpaka apate tanuri.

Mama wa mfano huu hajui kama siku hiyo itamfika, wala lini. Ajuacho ni kwamba siku ikija, hatakwenda na sifa peke yake. Atakwenda na daftari lenye bei ya kila kitu, idadi ya wanunuzi wake, na akiba iliyoandikwa kwa mkono wa bintiye. Kwa vitu hivyo mtu aweza kuanza mahali popote. Binti naye ameanza kuwaandikia akina mama wengine wawili hesabu zao kila Jumapili jioni, nao humlipa kidogo; hajaandikwa kazi bado, lakini hakai bure.

Na wewe msomaji, upitapo Pumwani alfajiri na kununua mahamri yako mawili, lipa taslimu kama unazo. Na kama wewe mwenyewe una kazi ndogo nyumbani, iwe ni kuku, maziwa, mboga au kushona, nunua daftari leo, uandike hata kile ukionacho hakina maana ya kuandikwa. Wazee walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.